Babu wa Waitaliano ni nani? Vyungu, lugha na vinasaba havitoi jibu moja

Katika karne ya 19, wakulima wa Emilia, uwanda ulio kusini mwa mto Po huko kaskazini mwa Italia, walikuwa wakipata mbolea kutoka ardhini. Hapa na pale katikati ya mashamba palikuwa na vichuguu vikubwa vya udongo mweusi wenye rutuba isiyo ya kawaida. Waliuchimba, wakaupakia kwenye mikokoteni, wakautawanya mashambani au kuuuza. Humo ndani mlikuwa na mifupa ya ng'ombe na nguruwe, vigae vya vyungu, vipande vya bronzi, hata nguzo za mbao ambazo hazijaoza zikaisha. Miaka ya 1860 wataalamu walianza kuvichunguza vichuguu hivyo kwa makini, wakagundua kwamba vilikuwa mabaki ya vijiji. Watu waliishi hapo kuanzia takriban mwaka 1650 hadi 1150 KK, Zama za Bronzi, karne nyingi kabla ya mji wa Roma kuwepo. Vijiji hivyo huitwa terramare.

Mmoja wa waliovichimba alikuwa Luigi Pigorini, mzaliwa wa Fontanellato karibu na Parma. Huwezi kumwelewa Pigorini bila kukumbuka mwaka wenyewe: dola ya Italia ilikuwa imeundwa 1861, ikaunganisha falme na maeneo ambayo watu wake hawakusikilizana hata kwa lugha. Taifa jipya lilihitaji babu mmoja, naye Pigorini akalipatia. Alisema wajenzi wa terramare walitoka kaskazini, ng'ambo ya milima ya Alpi, wakakaa bonde la Po, kisha wakashuka kusini hadi Lazio na kuanzisha Roma. Ushahidi wake mkubwa ulitoka katika kijiji cha Castellazzo, hapohapo Fontanellato kwao. Alichora ramani yenye handaki la maji pande zote, barabara mbili kuu zinazokatana katikati na mitaa iliyonyooka. Kwa macho ya Mtaliano wa wakati ule, hiyo ilikuwa kambi ya jeshi la Kirumi iliyotangulia Warumi wenyewe. Pigorini hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1876 alifungua jumba la makumbusho la historia ya kale mjini Roma, na kwa muda mrefu aliyempinga alijitakia taabu.

Mwaka 1939, baada ya Pigorini kufariki, Msweden Gösta Säflund alipitia upya kumbukumbu za uchimbaji na kuonyesha kwamba ile ramani nadhifu haikuwa na msingi wa kutosha katika kilichochimbwa. Mitaa mingine ilikuwa kwenye karatasi tu. Tena kulikuwa na jambo ambalo nadharia nzima ililikwepa: terramare ziliachwa ghafla, karibu zote kwa pamoja, mnamo 1150 KK. Ukame, ardhi iliyochoka na watu kuzidi vyote vinatajwa kuwa sababu. Hakuna msururu wa kambi unaotoka Po hadi Lazio.

Ninaanza na Pigorini kwa sababu kosa lake bado linafanywa, hata na watu wenye maabara za kisasa. Alidhani kwamba aina ya vyungu, lugha na damu vinasafiri pamoja: ukipata chungu cha namna fulani, umempata mwenye lugha fulani, na huyo ni babu wa fulani. Lakini Mmakonde anayevaa jinzi na kuongea Kiingereza kazini hajawa Mmarekani, na atakayefukua jinzi yake baada ya miaka elfu tatu asiseme Wamarekani walihamia Mtwara. Akiolojia ya Italia ni kama imetengenezwa makusudi kuonyesha jinsi mambo haya matatu yanavyoachana njia.

Tuanze mbali, ila tupite haraka. Kabla ya binadamu wa aina yetu, rasi ya Italia ilikaliwa na Waneandertali kwa muda mrefu sana. Mwaka 1993, katika pango la Lamalunga karibu na Altamura, mkoa wa Puglia, wapenda mapango walikuta mifupa ya mmoja wao, zaidi ya miaka 130,000, imefunikwa na chokaa iliyoganda juu yake kama vifundo vya matumbawe. Mpaka leo yumo mlemle pangoni, maana kumng'oa ni kumharibu. Yeye si babu wa Waitaliano kwa maana ya kawaida, ingawa karibu asilimia 2 ya vinasaba vya watu wa Ulaya na Asia hutokana na Waneandertali kwa jumla. Binadamu wa aina yetu walifika miaka 45,000 hadi 43,000 iliyopita. Ushahidi wake ni meno mawili ya utotoni yaliyochimbwa mwaka 1964 katika pango la Grotta del Cavallo, nalo pia liko Puglia. Kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa ya Waneandertali, hadi mwaka 2011 yalipopimwa upya na kuonekana kuwa ya watu kama sisi.

Hao wa kwanza nao hawakuacha uzao mkubwa. Barafu ilisogea, watu wakapungua, makundi mapya yakaingia. Anayewakilisha vizuri wawindaji wa mwisho wa enzi ya barafu ni kijana wa Villabruna, aliyepatikana mwaka 1988 katika bonde la mto Cismon, jimbo la Belluno. Alizikwa miaka 14,000 hivi iliyopita chini ya mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Gego lake moja lilikuwa limeoza, na mtu fulani alilikwangua kwa ncha ya jiwe gumegume ili kutoa uozo. Ndiyo kazi ya udaktari wa meno iliyo ya zamani kuliko zote zinazojulikana, na naomba usiifikirie sana ukiwa na jino linalouma. Vinasaba vyake vinaashiria ngozi nyeusi na macho ya rangi nyepesi, mchanganyiko ambao huukuti kwa urahisi Ulaya ya leo. Wawindaji wa namna yake walienea sehemu kubwa ya magharibi mwa Ulaya, na wanasayansi wamelipa kundi zima jina la Villabruna.

Kisha, mnamo 6000 KK, wakaja wakulima. Walitokea upande wa mashariki kwa njia ya bahari na kutia nanga kwanza kusini, Puglia, wakiwa na ngano, shayiri, kondoo, mbuzi, na vyungu vilivyotiwa alama kwa kukandamiza kingo za kombe la baharini kwenye udongo mbichi. Vijiji vyao vya uwanda wa Tavoliere vilikuwa havijulikani sana hadi Vita Kuu ya Pili ilipoleta ndege. Mwaka 1945 ofisa wa Kiingereza, John Bradford, aliyekuwa na jeshi karibu na Foggia, aliona katika picha za angani duara kubwa za rangi tofauti kwenye mashamba ya ngano. Yalikuwa mahandaki ya kale yaliyofukiwa. Mazao yaliyostawi juu ya udongo wenye kina yalikuwa yakichora ramani ya vijiji kwa mamia.

Kwamba walikuja kwa chombo si kubahatisha. Chini ya ziwa Bracciano, kaskazini mwa Roma, kipo kijiji kilichozama cha La Marmotta, cha kati ya 5700 na 5100 KK. Wapiga mbizi wametoa humo maelfu ya nguzo za nyumba na mitumbwi mitano ya gogo. Mkubwa kati ya hiyo ni wa mwaloni, una urefu wa zaidi ya mita 10, na ulipatikana pamoja na vipande vya mbao vilivyotobolewa, ambavyo huenda vilikuwa vya kufungia kamba za tanga au kuunganisha chombo na kingine. Mtu wa pwani akiutazama hahitaji maelezo mengi. Mawe ya obsidiani, ile kioo nyeusi ya volkeno, yalisafirishwa baharini kutoka visiwa kama Lipari hadi bara, na kila kisiwa kina kemia yake, kwa hiyo maabara inaweza kusema jiwe lilikatwa wapi.

Asili ya wakulima hao ilikuwa Anatolia, sehemu ya Asia ya Uturuki wa leo. Hawakuwamaliza wawindaji waliowakuta. Walichanganyika nao, lakini kwa kiasi kidogo. Kiasi hicho tunakijua vizuri kuliko kote kwa mtu mmoja.

Tarehe 19 Septemba 1991, wapanda milima wawili wa Kijerumani waliona maiti ikichomoza kwenye barafu katika Alpi, mpakani mwa Austria na Italia. Ilidhaniwa ni mpanda mlima aliyepotea miaka ya karibuni. Walipopima mpaka wa nchi hizo mbili, ikaonekana mwili ulikuwa mita 93 hivi ndani ya Italia, na walipopima umri wake ikaonekana marehemu ana zaidi ya miaka 5,000. Huyo ndiye Ötzi, aliyeishi mnamo 3300 KK. Sasa amelazwa katika makumbusho ya Bolzano, kwenye chumba cha nyuzi 6 chini ya sifuri. Alikuwa na umri wa miaka 45 hivi, kimo cha mita 1.60, na chale 61 mwilini, mistari midogo ya mkaa, mingi ikiwa karibu na viungo na mgongo, pengine ilikuwa tiba ya maumivu. Pamoja naye kulikuwa na shoka la shaba ambalo madini yake yalitoka Toscana, mamia ya kilomita kusini. Miaka kumi walikuwa wakibishana alikufaje, wengine wakisema baridi, mpaka picha ya eksirei ya mwaka 2001 ilipoonyesha ncha ya mshale ndani ya bega lake la kushoto. Alipigwa kutoka nyuma, na aliyempiga hakulichukua shoka.

Kuhusu asili yake, Ötzi ametoa somo mara mbili. Vinasaba vyake vyote vilisomwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012, vikaonekana kuwa na dalili za watu wa nyika za mashariki, ambao tutawafikia punde. Mwaka 2023 vikasomwa upya kwa mbinu bora, na dalili hizo zikatoweka: sampuli ya kwanza ilikuwa imeingiwa na vinasaba vya watu wa leo. Ötzi halisi alikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya asili ya wakulima wa Anatolia, ngozi nyeusi kuliko ya Mzungu wa leo, na kichwa kilichokuwa kikielekea kwenye upara. Ile sanamu maarufu ya makumbusho yenye nywele ndefu na uso mweupe imepitwa na wakati.

Watu wa nyika walikuwa wafugaji wa maeneo ya kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Kuanzia 3000 KK uzao wao ulisambaa Ulaya kwa kasi, na wataalamu wengi wanauhusisha na kuenea kwa lugha za Kihindi-Kiulaya, ukoo ambao Kilatini ni mmoja wake. Italia ilichelewa kuwapokea. Kaskazini, karibu na Parma, dalili zao zinaonekana kwenye makaburi ya miaka ya 2000 KK; katikati ya rasi zimeshakuwepo ifikapo 1600 KK. Hawakuja kwa mkupuo kama jeshi, na hawakufuta watu. Walijipenyeza kizazi baada ya kizazi, na hakuna mahali pa kuweka kidole na kusema hapa ndipo Kilatini kiliposhukia.

Hapo kuna pengo linaloudhi. Kuanzia nusu ya pili ya milenia ya pili KK desturi ya kuchoma maiti ilienea katika sehemu kubwa ya Italia. Watu wa terramare wenyewe waliacha makaburi ya vyungu vya majivu, na baada yao desturi hiyo ikashika mpaka Toscana na Lazio. Moto huharibu vinasaba. Kwa hiyo karne zilezile ambazo lugha za Italia ya kale huenda zilikuwa zikipata sura yake ndizo ambazo maabara ina macho hafifu, na mzigo unarudi kwa wanaosoma vigae.

Sasa tuje kwa Waetruski, maana wao ndio walioutia ubishi moto. Waliishi Toscana na sehemu za jirani, wakawa na miji, bandari na migodi ya chuma wakati Roma ingali kijiji cha vibanda. Wameacha maandishi 13,000 hivi, mengi mafupi, kwa alfabeti iliyotokana na ya Wagiriki, na lugha yake si ya Kihindi-Kiulaya kabisa. Walitoka wapi? Herodoto, karne ya 5 KK, alisema walitoka Lidia huko Anatolia. Kisa chake ni kitamu. Njaa ilipiga miaka 18, na watu wakabuni michezo ya dado na mpira ili wasikumbuke chakula: siku moja wacheze bila kula, siku ya pili wale bila kucheza. Mwishowe mfalme aliwagawa watu mafungu mawili kwa kura, na fungu moja likaabiri meli pamoja na mwanawe Tireno hadi Italia. Karne nne baadaye Dionisio wa Halikarnaso, aliyetoka jirani na Lidia yenyewe, alipinga akasema Waetruski ni wenyeji, kwa sababu lugha na dini yao havifanani na vya Walidia.

Jembe lilimuunga mkono Dionisio mapema. Mwaka 1853, Giovanni Gozzadini alianza kuchimba makaburi 193 huko Villanova karibu na Bologna: mitungi ya majivu yenye umbo la koni mbili, imefunikwa kwa bakuli, na mara nyingine mtungi wenyewe una mkono uliovunjwa makusudi. Utamaduni huo wa Villanova, wa karne ya 9 na ya 8 KK, uko moja kwa moja chini ya miji ya Waetruski kama Tarquinia na Veio. Hakuna tabaka la majivu ya vita wala vyombo vya wageni kati yao. Massimo Pallottino, mwaka 1947, alikwenda mbali zaidi na kusema swali lenyewe limekaa vibaya: taifa haliji likiwa tayari limefungashwa, linajiunda mahali lilipo.

Kumbe ubishi haukuwa umekwisha. Mwaka 2007 vinasaba vya wakazi wa leo wa Murlo, Toscana, vilichunguzwa na kuonekana kuwa na undugu na Mashariki ya Karibu. Hata ng'ombe wa Toscana walionekana hivyo. Magazeti yakatangaza kwamba Herodoto alikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba waliopimwa walikuwa hai. Kati yao na Waetruski kuna zaidi ya miaka 2,000 ya watu kuingia na kutoka. Mwaka 2021 wakachukuliwa wafu wenyewe: watu 82 wa Italia ya kati na kusini, walioishi kati ya 800 KK na 1000 BK. Waetruski wakaonekana kufanana sana na majirani zao Walatini, watu wa Lazio waliozungumza Kilatini. Asili ya wakulima, wawindaji na watu wa nyika, bila dalili ya msafara mpya kutoka Anatolia.

Pima uzito wa matokeo hayo. Veio ilikuwa kilomita chache tu kutoka Roma. Watu wa miji hiyo miwili walikuwa na damu moja, walizika kwa namna zinazofanana, walifanya biashara na kupigana, lakini lugha zao zilikuwa mbali kama Kiswahili na Kiarabu. Tena Waetruski wana damu ya nyika kama Walatini, ila lugha ya nyika hawakuichukua. Wageni wa nyika ndio walioiacha lugha yao. Wabaski wa Hispania na Ufaransa wako vivyo hivyo. Kwa maoni yangu hili lingetosha kuifunga nadharia ya Pigorini hata kama Säflund asingeigusa.

Sardinia inavuta upande mwingine kabisa. Kisiwa hicho kina minara ya mawe ya nuraghe ipatayo 7,000, mawe makubwa yaliyopangwa bila chokaa katika Zama za Bronzi; ule wa Barumini umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1997. Mnara kama huo ungemfanya mtu wa zamani adhani wavamizi wenye ujuzi wametua. Wafu walijibu tofauti: tangu wakulima wa mwanzo hadi wajenzi wa nuraghe, damu ya kisiwa haikubadilika kwa kiasi kikubwa. Mchanganyiko mkubwa ulianza katika milenia ya kwanza KK, walipokuja Wafoinike, mabaharia wa pwani ya Shamu, na watu wa Karthago. Hata hivyo damu ya wakulima ilibaki nyingi, ndiyo maana Wasardinia wa leo wanamkaribia Ötzi kuliko Waitaliano wa bara, ingawa Ötzi alifia Alpi na huenda hakuwahi kusikia habari za kisiwa hicho.

Na bara? Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi wa watu 127 kutoka maeneo 29 ya Roma na viunga vyake, unaofunika miaka 12,000. Hadi Zama za Chuma picha ni ile tuliyoiona. Roma ilipotawala Mediterania, picha ikageuka: wengi wa waliozikwa wakati wa dola, wakiwemo wa makaburi ya Isola Sacra karibu na bandari, wanafanana na watu wa Ugiriki, Anatolia na Shamu. Watumwa, mabaharia, wafanyabiashara, askari waliostaafu. Mji mkuu uliwavuta wote, na miji ya mashariki ndiyo iliyokuwa na watu wengi wa kutoa. Hapo ndipo penye ufunguo wa ule undugu wa Toscana na Mashariki ya Karibu ulioonekana mwaka 2007. Undugu huo upo kweli, ila sehemu yake kubwa ni ya wakati wa Warumi, karne nyingi baada ya Tireno wa hadithi.

Dola ya magharibi ilipoanguka, mji ulipungua watu na mvuto ukahamia kaskazini. Walombardi, kabila la Kijerumani, waliingia Italia mwaka 568. Katika makaburi yao ya Collegno, karibu na Turin, ndugu wa ukoo mmoja wenye asili ya Ulaya ya kati na kaskazini wamezikwa na silaha na mikanda yao, na kando yao watu wenye asili ya kusini ambao wengi hawakuwekewa kitu. Waliishi kijiji kimoja na kuzikwa uwanja mmoja. Kufikia mwaka 1000 BK mchanganyiko huo ulikuwa umeshakaribia sana ule wa Waitaliano wa kati wa leo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya sura yao ya sasa iliungwa katika kipindi chenye vitabu na majina ya wafalme, wakati wanaomtafuta babu yao wamezoea kuchimba chini zaidi.